Uzinduzi wa Benki Kuukuu ya Skelbeck

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Majengo ya Kale, ambaye ni mimi, Mheshimiwa Makamu wake, ambaye ni mke wangu Philippa, Padri Garside, madiwani mliofika na mliotoa udhuru, nanyi wananchi wa Skelbeck mliosimama mvuani kwa nidhamu ya hali ya juu (makofi machache, mikono imeshika miavuli):

Mimi, Cuthbert Thackwray, Meya wenu, nina furaha isiyo kifani kuzindua rasmi ukarabati wa benki yetu ya enzi za Malkia Viktoria, ambayo wazee wetu waliijenga mfano wa hekalu, yenye nguzo nene na simba wa mawe juu ya mlango, ili mtu akiingia avue kofia kabla hajaulizwa ana shilingi ngapi. Maana nguzo zile hazikubeba paa tu, ndugu zangu, zilibeba imani ya wateja. (Sauti: “Paa lenyewe liko wapi?”)

Nakuja huko. Baada ya upembuzi yakinifu, pamoja na ziara ya mafunzo iliyonipeleka Roma kukagua nguzo mama, nathubutu kutamka kwamba mchakato umekamilika kwa asilimia mia na kumi, na kwamba maktaba yenu, iliyojibanza nyuma ya duka la samaki na chipsi, inahamia humu leo hii, chini ya kuba la vioo. (Makofi. Mama Ormerod, mkutubi, anasogea na toroli: “Mheshimiwa, vitabu vinanuka siki ya chipsi, na sasa vinalowa. Nifungulie mlango tu.”)

Mlango ni suala la kiufundi, mama. (Upepo. Nguzo zinakunjamana. Simba mmoja anapepea.) Naomba walio mbele washike pembe za benki. Ahsanteni, huo ndio ushirikishwaji wa wadau. (Mama Ormerod anachungulia nyuma ya turubai: “Huku kuna nyasi na kondoo. Benki mliibomoa lini?”)

Hatukuibomoa. Tuliipunguzia uzito.

Skelbeck hoyee! (“Hoyee,” hafifu.) Urithi wetu, fahari yetu! (Kondoo analia.)

Kwa kumalizia, namshukuru Bwana Fenwick, mchoraji, ambaye bila brashi yake jengo hili lisingekuwepo kabisa. Nawe Mama Ormerod, mvua inazidi. Chukua benki ufunike vitabu vyako. (Anavifunika.) Natamka rasmi kwamba maktaba imehamia.