Ukumbi Wangu Haumo Kitabuni

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekishika kitabu alichokiandika shemeji kwa mikono miwili, maana mmoja hautoshi. Kurasa mia nane na kumi na mbili. Kizito kama tofali, na tofali angalau unajengea. Historia ya sinema duniani, eti. Dunia nzima! Nimekwenda moja kwa moja kwenye faharasa ya nyuma kutafuta ukumbi wangu. Haumo. Jina langu. Halimo. Herufi yangu ina watu arobaini, wote marehemu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwachia shemeji aingie bure.

Miaka ishirini na miwili nimeuonyesha mji huu filamu. Nilianza na viti vya kuazima na shuka la mke wangu ukutani. Shemeji, kwa kuwa ni kaka wa mke wangu, alikaa safu ya mbele, miguu juu, tiketi hana. Sinema ikafa, ndani ya ukumbi uleule sasa nauza magodoro, na mtaalamu ni yeye! Nimemuuliza mbona simo. Akacheka, akasema shemeji, hii ni historia ya dunia, si ya mtaa. Kwani mtaa uko wapi? Mwezini?

Kurasa sitini na nne juu ya filamu zisizo na sauti. Wenyewe hawakusema neno, yeye kawasemea maneno elfu thelathini.

Jumanne, 4 Machi

Nimefika maktaba. Kuna tangazo. Kitabu kinachapishwa mara ya pili, wasomaji watie maoni yao sandukuni, na Jumamosi mhariri mwenyewe anakuja kuyasoma mbele ya watu. Kilichokosewa kitasahihishwa, kilichosahaulika kitaongezwa. Asiyekuwapo na lake halipo. Basi nitakuwapo!

Maoni mengine yamebandikwa ukutani. Mwalimu mkuu mstaafu ameandika "Hazina isiyo kifani." Nakala yake nimeiona, kurasa bado zimegandana. Mwingine: "Picha nzuri." Ahsante, hata kalenda ina picha nzuri. Mama mmoja ameandika kwamba kitabu ni kizuri ila kilimwangukia usoni akikisoma kitandani. Huyo ndiye mkweli pekee.

Yangu yamejaa ukurasa mzima. Nimegawa bei kwa idadi ya watu waliotajwa, nikalinganisha na kitabu cha simu. Kitabu cha simu ni nafuu, kina watu wengi zaidi, na ukiwapigia wanapokea.

Lakini sauti moja haijazi sanduku. Nawaita wateja wangu wa zamani.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Ushindi usiotarajiwa!

Nimewakusanya ukumbini, nikawakalisha juu ya magodoro (nailoni hazijatolewa, nimekataza kuruka-ruka). Niliwataka waandike jambo moja tu, kwamba ukumbi umesahaulika. Fundi cherehani hakunisikiliza. Kafungua kitabu kutafuta filamu yake ile aipendayo, ya wale wapenzi wa mtoni. Ghafla kapiga ukelele. Eti kitabu kinasema mashua ilipinduka, bibi harusi na bwana harusi wakazama! Fundi aliitazama filamu ile mara nne, hapahapa. Bibi harusi anapanda mashua, shela linapepea, watu wanacheka, MWISHO. Ni kwa filamu ile alipata moyo wa kwenda kumposa dada wa kinyozi.

Kinyozi akamnyang'anya kitabu atafute ya kwake, ya askari mwema. Kitabu kinasema askari mwema ndiye aliyekuwa mwizi! Kinyozi kaapa kwa kaburi la baba yake. Huyu shemeji yako, akaniambia, filamu hizi alizitazama kwa kisogo?

Kufika adhuhuri tumepata makosa ishirini na saba. Ishirini na saba! Msomi gani hajui nani alikufa na nani aliolewa? Nimewapa kalamu. Wameandika kwa hasira, na hasira huandika vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeyanakili maoni yote kwa mwandiko mmoja ulionyooka, nikaweka juu ombi langu: kwa makosa haya, ukumbi unaojua ukweli upewe ukurasa, pamoja na jina la mwenyewe.

Mke wangu kasoma mawili matatu. Kisha kauliza taratibu kama sababu si ule mkebe wa mwisho.

Wanawake na kumbukumbu! Filamu zilikuja katika mikebe, mitano au sita. Mkebe wa mwisho sikuufungua. Hesabu ni nyepesi: usipoonyesha mkebe mmoja, jioni moja inabeba maonyesho matatu badala ya mawili. Hadithi ambayo haijatulia kufikia mkebe wa tano, hilo ni kosa la walioitengeneza. Nilikuwa na kipande cha kioo nilichoandika MWISHO kwa mkono wangu, nakimulika ukutani, watu wanapiga makofi, wanatoka wanatabasamu. Anayetabasamu hununua soda mlangoni. Anayelia huenda moja kwa moja nyumbani.

Ndani ya mikebe ile kulikuwa na nini, mimi sijui wala haikunihusu. Muuza yai hatagi. Nimemwambia mke wangu asichanganye biashara na elimu. Akasema haya, baba watoto, nenda Jumamosi, utaniambia.

Jumamosi, 8 Machi

Maktaba imejaa. Shemeji na tai shingoni. Mhariri ni mama wa makamo, mpole, wa kuogopwa.

Kasoma makosa yetu yote ishirini na saba kwa sauti. Shemeji jasho. Mimi kifua mbele. Kisha mama akaanza kuuliza. Fundi, ulitazama wapi? Ukumbini kwa huyu bwana. Kinyozi? Hukohuko. Yule mama aliyeangukiwa na kitabu? Hukohuko. Akasema ajabu, makosa yote yapo kwenye robo saa ya mwisho ya filamu, hakuna hata moja la mwanzoni.

Shemeji akasimama polepole. Akasema alipokwenda masomoni ng'ambo, wiki ya kwanza alibishana na darasa zima juu ya mashua ile. Walimcheka mpaka akatoka nje. Tangu siku hiyo akaapa kuzitazama filamu zote upya, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Ndivyo kitabu kilivyozaliwa. Miaka yote alidhani akili yake ilikuwa na hitilafu.

Watu wote wakanigeukia. Nikasimama, nikawaeleza habari za mkebe, kwa adabu na kwa hesabu. Kisha nikauliza: kama kitabu kimezaliwa kwa sababu ya mkebe wangu, baba wa kitabu ni nani? Nilitegemea makofi. Kinyozi akakaa chini na kunong'ona, kumbe mwizi ni askari. Mke wa fundi akamwambia mumewe kwamba yeye, kuanzia leo, mashua hapandi.

Mhariri akasema nitaingizwa kitabuni. Nimo!

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaniletea nyongeza yenyewe. Si ukurasa. Ni tanbihi, chini kabisa ya ukurasa wa 611, herufi kama chawa: "Mwenye ukumbi mmoja aliwanyima watazamaji wake miisho ya filamu kwa miaka ishirini na miwili."

Mmoja! Kana kwamba wako wengi. Jina halipo. Nimemuuliza jina langu liko wapi. Kasema ameliondoa yeye, kumsitiri dada yake. Kumsitiri na nini? Dada yake mwenyewe tangu jana hanisemeshi, isipokuwa mara moja, kuniuliza yule mama kipofu wa filamu ya mwaka tuliooana alimpata mwanawe au hakumpata. Nitajuaje mimi?

Fundi kapita dukani bila salamu. Kinyozi naye. Kila mtu anataka kujua iliishaje.

Kila mtu! Ngoja kwanza.

Jumanne, 11 Machi

Magodoro nimeyasukumia ukutani. Mashine ya filamu imekubali kuwaka. Wakala wa filamu za zamani kanikodishia mikebe ya mwisho tu, na kwa kuwa ni mkebe mmoja mmoja, kanipa kwa bei ya kutupa. Wiki ya Miisho! Tiketi zimekwisha kabla ya saa sita. Fundi kachukua mbili za mbele. Mke wangu kachukua yake, kalipa, kaondoka.

Mchana nimeijaribu ile ya mtoni nikiwa na saa mkononi. Mkebe una dakika kumi na nane. Dakika ya kumi na tano wapenzi wameshazama, mapovu tu. Zile tatu zilizobaki ni majina, safu kwa safu, herufi ndogo zinapanda juu taratibu. Nikizikata, saa moja inabeba miisho minne badala ya mitatu.

Shemeji kakimbilia kunizuia. Eti hao ndio walioitengeneza filamu, ni haki yao watajwe. Nimemcheka mpaka machozi. Nani atoe pesa yake mfukoni aje kusoma majina ya watu asiowajua?