Lori Lililopumzika Tarasaa

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Siku kubwa! Bi Hafidha, tajiri wetu mwenye malori, amenunua lori jipya. Si jipya la kiwandani, lakini ni jipya kwetu. Kiti cha dereva kinapanda na kushuka. Kiyoyozi kinafanya kazi. Na juu ya hayo yote, dereva wake atalipwa mshahara wa mwezi. Wa mwezi! Mimi na Ishaq tunalipwa kwa safari. Lori likisimama, na mfuko unasimama. Mafuta yakipanda bei, safari zinapungua, na watoto wangu hawana habari na mafuta. Wana habari na ugali.

Lori hilo ni langu. Kilichobaki ni kutangazwa tu.

Mpinzani ni mmoja, Ishaq Bwanamkuu, mtu wa Kipini. Anaendesha kama amebeba mayai. Akichoka anaegesha, anatandika mkeka kivulini, analala. Mchana kweupe! Dereva gani huyo?

Tatizo ni masharti. Bi Hafidha amefungisha kisanduku kwenye kila lori, kidogo kama kipande cha sabuni. Kisanduku hicho kinamwonyesha kwenye simu yake lori liko wapi, linakwenda mbio kiasi gani, na kama limepumzika. Alituambia sheria za barabara zimekaza, bima imepanda, mizani ya barabarani haina urafiki na mtu, na yeye hataki kumzika mtu. Safari moja kwa siku, halafu kupumzika mpaka kesho yake. Atakayekuwa na rekodi safi mpaka Jumamosi ndiye atakayekabidhiwa ufunguo.

Nikaitikia kwa heshima zote. Rekodi safi ni kitu cha kutengenezwa, na mimi nina mikono.

Jumanne, 2 Desemba

Nimepakia maembe Ndera asubuhi na mapema. Kuteremka nayo Malindi, kwenye kiwanda cha maji ya matunda. Embe halingoji. Ukienda polepole unafika na uji.

Sasa, kumbe kisanduku kinalia ukizidisha mwendo. Kililia kutoka Garsen mpaka Tarasaa, mfululizo, kama mtoto aliyenyimwa nyonyo. Spidi gavana ya lori hili, kile kifaa cha kuzuia mbio, nilishaitibu mwaka jana, haisumbui mtu. Lakini kisanduku hiki hakina adabu.

Nikapata wazo. Nilisimama kwa muuza chipsi, nikamwomba ile karatasi ya rangi ya fedha ya kufungia chakula. Nikakifunga kisanduku vizuri, tabaka tatu. Kimya! Raha! Nikakanyaga mafuta nikiimba.

Kizuizi cha polisi. Wakanisimamisha, wakanishusha, wakanikalisha chini. Kumbe Bi Hafidha ameona lori limetoweka duniani, akadhani limetekwa, akapiga simu kila mahali. Walipekua maembe kreti kwa kreti. Walikuwa wanatafuta nini chini ya maembe sijui, maana lori lenyewe nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Ishaq akapita wakati huo. Akasimama, akateremka, akauliza kama nina shida, akaniachia maji ya kunywa. Kiburi hicho!

Nilimwambia tajiri ni mtandao tu, mtandao wa huku Delta ya Tana unajulikana. Amekubali, lakini amekubali kwa sauti ya chini. Nimefuta makosa. Hatujamaliza hata nusu ya wiki.

Jumatano, 3 Desemba

Ushindi! Ushindi mtupu!

Fundi aliyekuja kufunga visanduku alijisifu mbele yetu kwamba vina betri ndogo ndani, kwa hiyo hata mwizi akikata nyaya, kisanduku kinaendelea kuongea. Yeye alidhani anatutisha. Mimi nilikuwa nasoma.

Nimepeleka mzigo wa tajiri Malindi kwa mwendo wa maharusi. Nikarudi. Nikasimama Tarasaa kama mtu mwema anayepumzika. Hapo nikachomoa nyaya mbili tu, nikampelekea kisanduku Levi, kaka yake mke wangu Elsie. Levi ana kibanda cha soda pale kituoni. Tangu nimuoe dada yake sijawahi kumwona Levi akiinuka haraka kwa jambo lolote. Ndiye mtu anayefaa! Nilimwambia kitu hiki ni cha thamani kuliko kibanda chake chote, asikiache hata kidogo, awe nacho wakati wote. Aliapa kwa marehemu mama yake.

Basi kisanduku kikapumzika kivulini Tarasaa, na mimi na lori tukaenda kuchukua matikiti ya Dorothy, mfanyabiashara anayelipa papo hapo na haulizi mambo ya usingizi. Simu nilizima. Mtu aliyelala hapokei simu.

Njiani kurudi macho yalikuwa mazito kidogo. Kidogo tu. Nilipoyafungua nikaona mbuzi wananitazama kupitia kioo. Lori lilikuwa limeegeshwa kwenye nyasi, nje ya lami, limenyooka vizuri sana. Sikumbuki niliegesha saa ngapi. Mchungaji wa Kiorma aliyekuwa na mbuzi hao alinipigia kelele ndefu. Nilimshukuru, nikaendelea. Uzoefu ni huo. Mwili wa dereva wa kweli unaegesha wenyewe.

Jioni Bi Hafidha alinitumia ujumbe wa sauti. Alisema amependezwa mno, nimepumzika kuliko hata Ishaq, na kwamba siku zote alijua ndani yangu mna mtu mzima. Nimeusikiliza mara nne. Nimemsikilizisha na Elsie. Elsie aliuliza kama nimepumzika vile, mbona nimelala na sahani mkononi.

Alhamisi, 4 Desemba

Nitaandika yote, na mwenye haki aonekane.

Asubuhi mambo yalikwenda kama jana. Mzigo wa tajiri, kurudi, Tarasaa, kisanduku kwa Levi, simu kuzimwa, matikiti ya Dorothy. Nimerudi alasiri nimejaa furaha. Nikapita Tarasaa, kibanda cha Levi kimefungwa. Ajabu! Nikasema labda ameugua. Nikaenda mpaka Garsen. Nikakuta kituo kitupu. Hata wauza miraa hawapo. Mama wa chai aliyebaki peke yake aliniambia watu wote wamekimbilia kijiji cha Hewani, lori limeingia mtoni na dereva wake.

Moyo uliniuma. Maskini dereva! Watu hawa hawana uangalifu. Nikaliacha lori Garsen, nikapanda boda kwenda kuona.

Watu walikuwa wamejaa ukingoni. Wanawake wanalia, kwaya imeshaanza kuimba, na kamati ya mazishi imeshaundwa kabla maiti haijaonekana. Nikasimama nyuma, nikavua kofia. Mchungaji Josiah wa kanisa letu alikuwa anasema marehemu alikuwa mtu mnyenyekevu, asiyependa makuu. Nikajiuliza ni nani huyo, maana madereva wote wa hapa nawajua.

Halafu akasimama Ishaq. Nguo zimelowa chapachapa. Watu walinong'ona kwamba amejitosa mtoni mara mbili kutafuta mwili, na mamba wa pale hawahitaji kutambulishwa. Akasema kwa kilio, "Gershom Komora ni ndugu yangu. Dereva hodari kama yule hayupo Delta nzima."

Gershom Komora ni mimi!

Hapa nitasema kweli, kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilitaka kusema kwamba niko hai, lakini Ishaq alikuwa bado hajamaliza, na si adabu kumkatiza mtu anayezungumza vizuri hivyo. Aliyataja matairi niliyowahi kubadilisha peke yangu kwenye matope. Aliyataja mambo ambayo hata mimi nilikuwa nimeyasahau. Nikalia. Nililia kwa uchungu kwamba mtu mzuri kama yule amekufa.

Hapo ndipo mtumbwi ulipotokea kwenye kona ya mto. Ndani yake Levi, na kambare wawili, na kisanduku kimefungwa shingoni kwa kamba. Akaniona kabla ya mtu mwingine yeyote. Akapunga kafi na kuita, "Shemeji! Kitu chako kizima! Sijakiacha hata kidogo!"

Watu wote wakageuka. Kwaya ikakata katikati ya ubeti.

Maelezo yake ni haya. Nyani waliingia shamba lake ng'ambo ya mto, akaitwa. Kwa kuwa nilimwambia asikiache kisanduku, hakukiacha. Alipanda nacho boda mpaka Hewani, akaingia nacho mtumbwini. Katikati ya mto mtumbwi ukanasa kwenye gogo, na kwa kuwa samaki walikuwa wanaruka pale, akatoa ndoana, akatulia. Nyani wangengoja.

Sasa mtazame Bi Hafidha kule Kipini na simu yake. Ameona lori lake linaamka Tarasaa. Linarudi Garsen. Linaacha barabara, linapita njia ya baiskeli katikati ya migomba, linaingia Mto Tana, linasimama katikati, halitoki. Anampigia dereva, simu imezimwa. Wewe ungefikiri nini?

Elsie alikuja mbio akipenya katikati ya watu. Nikafungua mikono. Akanichapa kwa leso, akanichapa tena, halafu akakaa chini kwenye matope akalia kilio ambacho sikujua anacho. Nililaumu mtandao.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimeitwa Kipini. Nilikwenda nimenyooka, shati la kola. Nilikuwa nimepanga hotuba yenye sehemu tatu.

Sikufika hata sehemu ya kwanza. Bi Hafidha alinikaribisha kahawa, akaniuliza habari za nyumbani, kwa upole, na upole wa watu wa Kipini ndio unaotisha. Kisha akasema, "Mimi nimekulilia wewe, Gershom. Machozi yangu nani atanirudishia?" Hotuba yangu haikuwa na sehemu ya machozi.

Alijua na matikiti. Aliuliza tu, Dorothy akasema kila kitu. Mfanyabiashara asiye na msimamo.

Lori jipya limekwenda kwa Ishaq. Kiti kinachopanda na kushuka, kiyoyozi, mshahara wa mwezi, vyote. Nimebaki na la zamani. Alisema angenifukuza, lakini madereva wazoefu wameshatimkia Uarabuni na maembe yanaanguka. Nimelichukua hilo kama sifa. Ila nitafungiwa kamera ndani, mbele ya uso wangu. Inatazama macho. Ukiyafumba inapiga kelele, na kelele hiyo inafika hadi kwa tajiri.

Nje nilimkuta Ishaq. Hakujigamba, na hilo ndilo lililoniudhi. Alisema kaka yake mkubwa alikuwa dereva pia. Alilala kwenye usukani karibu na Minjila, akiwa na mzigo wa pili wa siku hiyo, na hakuamka. Ishaq ndiye aliyemtoa ndani ya gari. Akaniomba, akanishika mkono kabisa, nipumzike.

Nilimwahidi. Njia nzima kurudi nilimfikiria yule kaka yake. Halafu nikawaza kwamba labda yeye hakuwa na mwili unaojiegesha.

Jumatatu, 8 Desemba

Kamera imefungwa asubuhi. Mdudu mbaya! Nimepiga chafya, imepiga kelele. Nimekuna jicho, kelele. Nimeomba kabla ya safari kama Mkristo, macho yamefumbwa, kelele mpaka amina. Nikaijaribu kwa miwani ya jua, kelele zaidi. Nimerudi nyumbani nimekasirika na nimeshindwa. Nusura nikate tamaa.

Jioni Elsie akaja kutoka studio ya picha ya Garsen na kitu kikubwa kimefungwa kwa gazeti. Picha yangu. Siku ile ya mtoni kamati ilikuwa imeshaagiza picha ya kuwekwa juu ya jeneza, na studio ilishaichapa kabla sijafufuka, na sasa imekataa kurudisha pesa. Mimi mwenyewe, uso mzima, ukubwa wa uso wa mtu.

Nilitaka kucheka, lakini Elsie hakuwa anacheka. Alisema walipomtaka atoe picha alitafuta kwenye simu nzima. Ubatizo wa mtoto, nimesinzia. Krismasi, nimesinzia. Harusi ya dada yake, nimesinzia nimeegemea keki. Hiyo moja ndiyo pekee aliyoipata nikiwa macho. Alisema pale ukingoni alijaribu kuyakumbuka macho yangu yakimtazama, akashindwa, na ndicho alicholilia zaidi ya yote.

Nampenda mke wangu huyu, sijui kama huwa namwambia. Nilimshika mkono tukakaa tukiitazama picha. Picha nzuri kwa kweli. Macho makubwa, yamefunguka sawasawa, hayapepesi.

Nimekwenda lorini na kamba nikapima nafasi kati ya kamera na uso wangu. Picha inaenea bila kukunjwa.

Nimemwambia Elsie nitaibeba kila safari, niwe nayo mbele yangu nisisahau. Amenikumbatia, akasema sasa anajua nimebadilika.