Kitenge Kimoja, Migongo Miwili

Leo nimeaibika ukweni, jamaa, na aibu yenyewe nimeishika kwa mikono yangu miwili. Nawaandikia msome huko karakana, mcheke mmalize kabla sijaingia kazini kesho.

Mnajua nilikwenda Mutshatsha kula Bonana, sikukuu ya mwaka mpya. Uongo. Nilikwenda kumchukua mke wangu, Ntumba, na mtoto wetu. Ntumba alikwenda kuzalia kwa mama yake, kama desturi yetu Waluba inavyotaka kwa mtoto wa kwanza. Sawa. Mtoto akazaliwa, akakaa, akaota meno, na mama mkwe bado anatuma salamu: "Angali hana nguvu." (Nani hana nguvu? Mtoto anang'ata watu!)

Basi nikajipanga. Suti mpya ya abakosi, viatu vinang'aa, na pisi nzima ya kitenge ya kumlainisha Ntumba: chekundu, chenye ndege wakubwa wa manjano. Dereva mmoja wa lori la makala, yale makaa ya kupikia, akanibeba. Barabara ile wakati wa mvua mnaijua. Tulikwama, tukasukuma, tukakwama tena, nikafika abakosi ina rangi ya njia. Lakini wakwe walinipokea vizuri. Baba mkwe aliniita "mwana wangu" kila alipofungua kinywa, na jana jioni akatamka lile neno nililolifuata: "Kesho lori ikirudia, utaenda na bibi yako na mutoto." Nililala usingizi wa mfalme (peke yangu, maana Ntumba alilala na mama yake).

Sasa, kwa wale ambao hawajaoa kwetu: mama mkwe humgusi. Humtazami usoni. Mkikutana njiani, yeye anapita, wewe unaingia kwenye majani. Mimi katika heshima hiyo ni bingwa. Tangu nimemuoa binti yake sijapata kuuona uso wake vizuri. Nilichokuwa nakijua ni miguu yake tu, kwa sababu macho yangu yalikuwa chini muda wote. Nilijisifu sana kwa hilo.

Leo asubuhi dereva akaanza kupiga honi. Nikaenda jikoni kumhimiza Ntumba. Moshi umejaa, kuni mbichi. Mtu ameinama, amenipa mgongo, anasonga bukari, ugali wetu. Kitenge chekundu! Ndege wa manjano! Moyo ukaruka, jamaa. Miezi yote ile nimelala na mto! Nikanyata kama mwizi wa kuku, nikamziba macho kwa viganja, nikamnong'oneza sikioni:

"Bibi yangu, mi niko nakufa na hamu yako. Nyumba imekuwa baridi. Hata chakula hainipite kwa koo. Huyu mama yako anakufunga hapa juu ya nini? Leo tunaenda, hata akikatala!"

Mwiko ukasimama. Ntumba angecheka. Huyu hakucheka. Kisha ikatoka sauti ya upole kabisa, ikiniita baba kwa heshima:

"Tata, toa mikono. Bukari itaungua."

Nikaangalia chini. Miguu ile naijua!

(Nilikuja kuelewa baadaye. Ntumba alikata pisi katikati, nusu yake, nusu ya mama. Binti mwema havai kitenge kipya peke yake. Mimi nani aniambie?)

Nilitoka kinyumenyume, nikapiga teke sufuria ya mboga ya sombe, nikapiga kelele, "Mi sikuona kitu!" Watu wote wa uani wakageuka. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake, anapiga mswaki. Akautoa mswaki mdomoni taratibu. "Mwana wangu" ikafa hapo hapo.

"Citoyen Kalala," akasema, kama karani wa serikali. "Niko nasikia unakufa na hamu ya bibi yangu?"

"Hapana, tata! Nilizani ni Ntumba!"

"Ulizani."

"Ile kitenge, tata! Na moshi!"

Kutoka jikoni sauti ile ile ya upole ikajibu, "Umuachilie, baba. Kwa mugongo, mi ningali musichana."

Uani kukalipuka kicheko. Hata kuku walikimbia. Lakini baba mkwe hakucheka, na hukumu yake ilikuwa fupi: mbuzi wa haya, faini ya kuosha aibu. Bila mbuzi huyo, mke haondoki, mtoto haondoki. Nikasema nitamnunua papo hapo, jirani anao. Akatikisa kichwa.

"Mbuzi ya haya habainunue kwa bukwe. Itoke kwako, Kolwezi. Ikifika, batakwenda."

Honi ikalia tena. Ntumba akanisindikiza hadi kwenye lori, mtoto mgongoni, amevaa ndege wale wale. Alikuwa ameuma midomo asicheke. Nilidhani atanilaumu juu ya safari. Wapi!

"Mama ameniambia yote," akasema. "Ile ya koo, na ile ya nyumba baridi."

"Nisamehe."

"Mi sina kasirani. Lakini tulikaa wote kwa nyumba, na mi hujaniambia vile hata siku moja. Umeenda kumuambia mama."

Nikaparamia lori. Lori likaondoka, yeye kasimama pembeni anaupunga mkono mdogo wa mtoto kuniaga.

Njia nzima nilikaa juu ya magunia ya makala, mvua ikininyeshea. Nilishuka Dilala, mtaani kwetu Kolwezi, mweusi tii, jirani akanipita bila salamu. Nimefungua mlango, na nyumba ni baridi kweli, sikumdanganya yule mama. Namtamani mke wangu, jamaa. Nasema wazi. Nilidhani hamu ni kitu cha kukipeleka kwa lori na kurudi nyumbani kimekwisha. Kumbe imekuwa nzito zaidi.

Jioni hii nimejaribu kuyasema yale maneno kwa sauti, hapa mbele ya kioo, nijizoeze. Yamegoma. Kwa mama mkwe yalitiririka yenyewe! Siku nitakaporudi Mutshatsha itabidi niyaseme tena, mchana kweupe, kwa mwenyewe, uso kwa uso. Hilo linanitisha kuliko baba mkwe na kiti chake.

Basi chekeni leo mtosheke. Kesho atakayelia "mee" nikipita, ndiye atakayetoa mbuzi.