Udongo Niliousingizia Kifo

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya serikali. Nimetembea kutoka Kawangware mpaka hapa kwenu Kambi Muru, jua la utosi, ili niwaambie kwa mdomo wangu. Maana nikiwaachia wengine waseme, habari ikifika huku itakuwa nimefungwa jela. Sikufungwa. (Afadhali ningefungwa.)

Mnajua ninavyoishi. Chumba kimoja. Kitanda upande huu, jiko upande ule, cherehani katikati. Mteja akija kujaribu suruali, mke wangu na watoto wanatoka nje kuangalia mawingu. Na hizi suruali za siku hizi za miguu mipana! Mtu akizivaa mle ndani anafagia majivu yote. Miaka mitatu namwomba Mungu chumba kinachoangalia barabara.

Basi Mungu akamleta Mzee Gathogo, mwenye nyumba yangu. Baba yake alilima pale kabla Kawangware haijaona duka. Nyuma ya vyumba vyetu ana shamba la nusu eka, linateremka mpaka kwenye kijito. Karatasi zinasema shamba hilo ni la kilimo tu. Yeye anataka kujenga vyumba vya kupangisha, na vinne vya biashara vikiangalia barabara. Lakini hujengi kwenye shamba la kilimo mpaka upewe kibali cha kubadilisha matumizi. Akaandika ombi. Tangazo likapigiliwa misumari kwenye ua: mwenye pingamizi aandike.

Mama Njoki akaandika. Huyu ni jirani yetu, ana ng'ombe wanne na kisima, na nusu ya mtaa inakunywa chai kwa maziwa yake. Barua yake ilisema mambo mawili. Kwanza, udongo ule ni mzuri na ni dhambi kuufunika. Pili, vyoo vya wapangaji vitamwingilia kisimani.

Wiki jana Mzee akaja kwangu, akaketi juu ya kitanda kwa sababu hakuna kiti.

"Fundi, afisa wa ardhi anakuja kuona shamba. Mimi nikisema udongo umechoka, atasema natetea mali yangu. Lakini wewe si wa ukoo wangu. Wewe umetoka kule ziwani. Maneno yako yatakuwa na uzito."

"Niseme nini, Mzee?"

"Sema udongo umekufa. Halafu chumba cha kwanza pale barabarani ni chako. Utapiga rangi unayotaka."

Rangi ya samawati, nikamwambia. Sikufikiri hata dakika moja. (Huo ndio ugonjwa wangu.)

Sasa hapa ndipo pana kitu mnapaswa kujua. Kule chini, karibu na kijito, Mzee alimruhusu mke wangu alime kipande. Mama Akinyi amelima pale tangu tuhamie. Nduma, kunde, malenge, kila kitu. Mimi mwenyewe humsaidia kupiga matuta jioni. Sikumwambia habari ya ushahidi wangu. Mama Akinyi ni katibu wa akina mama kanisani. Ukimwambia uongo mdogo, anaufungulia Biblia. Kwa hiyo nilimwambia tu hivi: "Kesho Mzee ana wageni wakubwa. Usiwaache waondoke na njaa."

Kosa langu la kwanza.

Leo saa nne afisa akafika. Mtu mpole, kofia, faili kwapani, viatu safi ambavyo vilinipa matumaini: mtu wa viatu vile hashuki mpaka kijitoni. Mzee alikuwa amevaa koti lake la harusi. Mama Njoki alikuja na gambuti zake za zizini na mikono kiunoni. Wapangaji wote wakatoka, hata wale wanaofanya kazi usiku, macho mekundu. Sehemu ya juu ya shamba, mahindi yalikuwa yameshavunwa na Mzee alikuwa ameng'oa hata mabua. Palionekana pakavu kweli. Nikajisikia wakili.

"Nani anaishi hapa na anajua hii shamba?" afisa akauliza.

Nikanyoosha tai yangu, nikapiga hatua mbele. Mzee akakohoa kikohozi cha kuniombea.

"Bwana afisa, mimi naitwa Okumu, fundi wa nguo. Hii udongo imekufa."

"Imekufa?"

"Kabisa. Tumeshazika. Mtu akipanda maharagwe anavuna mawe. Hata magugu yakiota hapa yanajuta."

Watu wakasogea karibu. Nikaona wananisikiliza, na mimi mtu akinisikiliza mdomo unaota magurudumu. Nikasema panya wa pale wamehamia Kangemi. Nikasema babu yangu kule ziwani alikuwa akinusa udongo akijua umri wake, na mimi nimerithi pua. Mzee alikuwa akitikisa kichwa kukubali, mpaka nikaihofia shingo yake.

Mama Njoki akasema taratibu, "Okumu, unaapa?"

"Naona kwa macho, Mama Njoki, niape ya nini?"

Halafu nikaharibu. Ningenyamaza pale ningekuwa sasa nachagua rangi. Lakini nilitaka kumaliza kwa kishindo. Nikachuchumaa, nikachota udongo kwa mkono, nikauinua mbele ya afisa ili umwagike kama majivu, aone ulivyokauka.

Haukumwagika.

Ulikuwa mwekundu, una maji, umeshikamana kama ugali. Na katikati ya ule udongo, taratibu, bila haraka, akatoka nyungunyungu. Mnene. Amenawiri. Amenishinda mimi afya.

Afisa akamtazama nyungunyungu. Nyungunyungu naye nadhani akamtazama afisa.

"Na huyu?" afisa akauliza.

"Huyu ni mpita njia," nikasema.

(Ndiyo. Nilisema hivyo. Kwa sauti.)

Watu walianza kukohoa vile mtu anavyokohoa akizuia kicheko. Nikafuta mkono kwenye suruali. Nikafikiri: bado naweza kujiokoa, nitasema ni mvua ya juzi. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Karibuni wageni! Karibuni sana!"

Mama Akinyi. Kitambaa cheupe kichwani, kile cha Jumapili. Mikononi beseni la nduma zilizochemshwa, mvuke unapanda. Nyuma yake Akinyi wangu wa miaka tisa anasukuma malenge kwa miguu, anaivingirisha kama tairi, kwa sababu haibebeki. Narudia: mtoto alishindwa kuibeba. Ilikuwa kubwa kuliko cherehani yangu.

Nikamkonyeza mke wangu. Akadhani nina kitu jichoni.

"Mama, umenunua wapi nduma nzuri hivi?" afisa akauliza, kalamu mkononi.

Nikadakia: "Sokoni! Alinunua sokoni."

Mama Akinyi akanigeukia polepole. "Sokoni? Baba Akinyi, mbele ya Mungu?" Kisha akamgeukia afisa akitabasamu. "Bwana, hizi zimetoka pale chini. Na hii malenge ni ya watoto wako. Udongo wa hapa, ukitupa kijiti, kesho unakuta kivuli. Na msimwone huyu amevaa tai. Yeye ndiye hupiga matuta. Akitoka kwenye cherehani anashika jembe mpaka giza. Mume wangu anapenda hili shamba jamani!"

Alinisifu. Hilo ndilo lililoniua. Angenitukana ningejua pa kushika.

Mama Njoki alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, gambuti juu. Mzee Gathogo akavua kofia akaitazama ndani, kama mtu aliyeweka jibu mle. Afisa akachukua nduma moja, akaimenya bila haraka, akauma, akatafuna. Sisi wote tunangoja.

"Fundi," akasema, "hii ilikufa lini?"

Nawaambia ukweli, ningejua mlango wa kuingilia ardhini ningeingia. Nimesimama pale na tai yangu, mke wangu ananitazama, sasa ameanza kuelewa. Naona uso wake unabadilika kidogo kidogo, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma barua mbaya.

Lakini ngojeni. Aibu yenyewe bado.

Afisa alipomaliza nduma yake akafungua faili. "Nani aliwaambia nauliza habari ya udongo?"

Nikamtazama Mzee; Mzee akarudi kwenye kofia yake.

"Udongo wa Kawangware wote ni mzuri. Hata pale palipojaa vyumba. Mimi nimekuja kuangalia barabara, na maji machafu yatakwenda wapi, na kile kisima. Basi."

Mnaelewa? Uongo wangu wote, babu yangu, panya wa Kangemi, yule mpita njia, havikuhitajika! Hakuna aliyeniuliza! Nilikuwa nimejibu swali la mtihani mwingine.

Akashuka mpaka kijitoni na viatu vyake safi. Akapima kwa tepu kutoka kisimani, Mama Njoki ameshika upande mmoja, Mzee upande wa pili. Hao wawili walikuwa hawajasalimiana tangu barua ile. Nikawasikia wanabishana juu ya hatua tano, halafu hatua mbili, halafu Mzee akasema, "Sawa, vyoo nitaweka ule upande mwingine, ng'ombe zako zinywe kwa amani." Mama Njoki akasema basi yeye hana neno na vyumba, bora pale chini pabaki pa kulimwa.

Afisa akaandika hivyo hivyo. Juu vyumba, chini shamba, vyoo mbali na kisima. Akasema uamuzi si wake peke yake, lakini yeye atapendekeza. Akaondoka na malenge kwenye gari, watu wawili wameibeba.

Mzee akanishika bega. Nikafunga macho.

"Chumba ni chako, Fundi. Nilishasema. Lakini usiniwakilishe tena mahali popote. Hata kwenye matanga."

Mama Akinyi akaniongoza mpaka ndani. Nikamweleza yote. Akasikiliza, akakunja kitambaa chake cha Jumapili, akakiweka. Kisha akauliza, "Ulimwita nyungunyungu mpita njia?" Na hapo akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, machozi yanamtoka, na mimi nikashindwa pia. Tumecheka leo kuliko siku ya harusi yetu. Alipopata pumzi akaniambia Jumatano nitakwenda naye kwenye maombi, na si kwa kuimba.

Nitakwenda. Chumba kinachoangalia barabara kinakuja, mke wangu bado analima, majirani wanasalimiana. Nikiangalia vizuri, hakuna aliyepoteza kitu leo ila mimi, na nilichopoteza hakikuwa kingi.

Kwa hiyo chekeni. Chekeni leo mmalize kabisa, maana kesho mtu akinisalimia huku ameziba mdomo, tutakosana.