Tepe Tatu za Amos Tidwell

Aldershot, Jumanne, 1 Agosti 1882

Wazo! Crabbe, mpiga picha mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, amechora piramidi ukutani, na kuruta wote wanaopelekwa vitani Misri wanakimbilia kwake kupigwa picha. Basi nimenunua koti jekundu la sajini, kuukuu, tepe tatu mkono wa kulia. Wa kwanza kulivaa: Amos Tidwell, kuruta wa miezi minne. Picha ya bati, tayari kwa dakika kumi. Akauliza kama si kosa. Nikamweleza taratibu kwamba picha ni heshima tu, si cheo. Akaituma leo leo kwa mama yake, Somerset.

Alhamisi, 3 Agosti

Kuruta kumi na mmoja, wote masajini! Koti linanuka. Crabbe kapaza sauti toka mlangoni kwake: "Mzee Garrow, jeshi lako nani atapokea amri?" Wivu.

Jumamosi, 5 Agosti

Balaa. Mama Tidwell kafika lango la kambi kumuaga mwanawe, na kikapu cha keki za tufaha. Akamwulizia Sajini Tidwell. Akatoa picha. Mlinzi akacheka hadi machozi: "Mama, sajini gani huyu, tepe mkono wa kushoto?" (Ieleweke: picha ya bati hugeuza kila kitu, kama kioo. Nilisahau.) Akaitwa sajini wa kweli. Huyo hakucheka. Amos katiwa ndani kwa kujipa cheo. Kuonana na mama, marufuku.

Mama akaja kwangu. Hakunigombeza. Alitaka kujua tu nani aliyemdanganya, mwanawe au mimi. Nikaanza kumfafanulia habari za bati na kioo. "Baba," akasema, "kioo sikukuuliza."

Jumatatu, 7 Agosti

Kikosi kimeondoka asubuhi kwa ngoma na tarumbeta. Amos nyuma kabisa, kati ya walinzi wawili, bila mkanda. Mikokoteni ilimziba mama yake asimwone. Mama akawa anapunga mkono kwa wana wa wenzake. Kikapu kaniachia mezani. Alisema hana moyo wa kukirudisha nyumbani. Sikugusa kitu. Koti nitalichoma.

Jumanne, 8 Agosti

Nimetafakari sana. Kosa nimeliona. Nimefumua tepe zote tatu, nikazishona upya mkono wa kushoto. Kwenye bati zitatokea kulia, sawasawa kabisa! Kuruta wawili wanangoja zamu. Nimewakaribisha keki.