Tablete Imesema Dawa Imefika

Jumatatu, 6 Mei
Tablete imefika, kompyuta bapa ya kubonyeza kwa kidole! Miezi mitano nimeiomba. Sasa depo yetu ya dawa hapa Kimanga itajulikana mpaka Bukavu. Kila sanduku litakuwa na namba. Nyekundu: bado liko depo. Njano: liko njiani. Kijani: limefika. Unaangalia kioo tu, unajua yote. Programu nimeipanga miye mwenyewe, Venant, bila kusaidiwa na mtu.

Dokta Basile, mkubwa wetu, amesema Jumatatu ijayo wageni watatoka Bukavu kuja kuiona. Wanatafuta mtu wa kusimamia depo zote za bonde la Ruzizi. Hakutaja jina. Lakini alinitazama.

Mama Olive, anayeandika fishi, zile kadi za depo, tangu miaka kumi na mmoja, ameuliza kama tablete inajua kupanda mlima. Wivu! Nilifuta kioo kwa shati langu.

Jumanne, 7 Mei
Safari ya kwanza. Sanduku la baridi, chupa ndogo za dawa ya kuzuia damu kwa mama anayejifungua. Linaenda kituo cha afya kule juu ya Lemera, kwa muuguzi Mapendo. Ameandika kwamba amebakiwa na chupa moja, na kuna mama wawili wanaokaribia. Bila dawa hiyo mama anaweza kuisha damu ndani ya saa moja. Na barafu inadumu siku mbili tu.

Pitchou, motari wetu, analifikisha Lemera kwa moto, pikipiki yake. Pale Michée, mbebaji wetu, analipokea, analibeba mgongoni, anapanda kwa miguu. Hapo ndipo taabu: ukipita Lemera, rezo ya simu hakuna. Sanduku lingebaki njano siku nzima, pengine wiki. Wageni waone njano? Aibu gani!

Nikafikiri. Nikapata. Nimemwambia Pitchou abonyeze "limefika" kwenye simu yake palepale rezo inapoishia. Saa nane mchana: kijani! Nimepiga kelele peke yangu.

Olive alitaka kutuma ile karatasi ya zamani yenye muhuri, ambayo muuguzi anatia sahihi na inarudi kwetu. Nimemkataza. Karatasi zimepitwa na wakati.

Jumatano, 8 Mei
Kijani bado. Mvua toka asubuhi. Dokta amenipa mkono mbele ya watu wote. Nimepigwa picha na tablete, kifua mbele. Olive ameuliza barafu ya lile sanduku iko hali gani. Nimemwambia iko kijani. Amerudi kwa fishi zake.

Alhamisi, 9 Mei
Mtu ameingia depo na matope mpaka magotini. Anaitwa Luc. Ametoka kule juu tangu jana alfajiri. Bibi yake, Aline, ni mmoja wa wale mama wawili. Mwenzake amekwisha kujifungua, chupa ya mwisho imetumika. Siku za Aline zimetimia, na kwa mtoto wa kwanza alitokwa na damu nusura afe. Kumshusha Lemera haiwezekani: miguu imevimba, mvua imebeba daraja la miti, mwenye mimba hapiti. Mapendo anauliza dawa iko wapi.

Nimemwonyesha tablete. Nimemweleza kwa heshima kwamba dawa imefika. Ameangalia ile kijani muda mrefu. Kisha akasema, kwa heshima vilevile, kwamba yeye anatoka huko, na haiko. Nimemwambia wakaangalie vizuri, labda iko nyuma ya sanduku lingine.

Hakukasirika. Alikaa chini pale mlangoni, akaanza kulia. Mwanaume mzima.

Olive amefungua frigo. Chupa sita, barafu mpya, karatasi, muhuri. Amepanda moto ya Pitchou, Luc nyuma yake. Nimewakimbilia mpaka barabarani: hilo sanduku halina namba! Hakuna aliyegeuka.

Ijumaa, 10 Mei
Pitchou amerudi peke yake. Sanduku langu wamelikuta Lemera, dukani, katikati ya sabuni na chumvi. Barafu imekuwa maji, dawa imeharibika. Kumbe Michée alikataa kulibeba! Bila karatasi yenye muhuri, kwenye bariere za askari njiani angeitwa mwizi wa dawa na kufungwa. Huko kila mtu anajua hivyo. Pitchou naye alikuwa amekwisha kubonyeza kijani, akadhani kazi imekwisha, akaliacha kwa mwenye duka.

Olive ameendelea kwa miguu na Luc na Michée, karatasi mkononi.

Sikula. Naogopa. Hapa hakuna anayesoma, basi naandika wazi: naogopa sana. Nimemwombea Aline, kweli, kwa magoti. Kisha nikaomba gari la wageni lipate pancha, lakini ndogo.

Jumapili, 12 Mei
Olive amekuja kwangu Kilibula baada ya misa, akichechemea. Aline alijifungua Ijumaa jioni. Damu ilitoka, ikakataa kusimama. Olive alikuwa amefika nusu saa tu kabla. Mama yuko hai. Mtoto, msichana, yuko hai. Karatasi imerudi na sahihi ya Mapendo, na pembeni alama ya kidole chake, ya damu.

Nimelia mbele ya bibi yangu na watoto. Nimemwomba Olive msamaha. Hakusema amenisamehe. Ameuliza jambo moja: "Weye Venant, kama Aline angekufa, tablete yako ingeonyesha rangi gani?"

Nilijua jibu: kijani.

Jumatatu, 13 Mei
Wageni wamefika saa nne. Swali la Olive limenikaa kichwani tangu jana. Mama Olive amesema kweli. Programu ina tundu kubwa, na mwanaume lazima akubali kosa lake. Nimesimama mbele ya wote, nimesema wazi: wiki hii mama mmoja nusura atufie, na kioo changu hakikuwa na la kuonyesha. Olive aliinua kichwa.

Ndipo nikawaonyesha nilichotengeneza asubuhi: rangi nyeusi. Mama akifa, mtu anabonyeza tu.

Wameandika yote. Mkubwa wao amenipa mkono. Olive ameomba karatasi zirudi, moja kwa kila sanduku. Nimemjibu kwa upole kwamba hazihitajiki tena, sasa tuna rangi nne.