Koti la Mlinzi

Jumatatu, 20 Januari 2025

Upepo wa mlimani tangu asubuhi. Mvua hakuna. Afande Rogathe, polisi mpya wa kata yetu ya Getanuwas, alikuja shuleni kuonana na wazazi. Nilifika mapema. Nikasimama mlangoni, nikapiga saluti ya mgambo, kisigino kikalia vizuri kabisa. Akainamisha kichwa akaniamkia: shikamoo, mzee. Mzee! Mimi Agustino, ambaye sina hata mvi ya kuonyesha watu! Nikaitikia marahaba mkono ukiwa bado kwenye paji la uso. Wazazi wakacheka. Jirani yangu Qamara hakucheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Habari kubwa: shule itaajiri mlinzi. Mwezi uliopita mtu asiyejulikana, mwenye pikipiki, alimfuata mtoto wa kike njiani. Mtoto aliponea mashambani. Tangu hapo wazazi wa mbali wanasita kuwaleta wadogo. Afande anasema shule isingoje mpaka litokee la kutokea.

Kisha Mwalimu Mkuu, Mwalimu Wolfgang, akatuonyesha koti la mlinzi. La kijani. Zito. Vifungo vya shaba. Akalitundika kwenye msumari ofisini, na moyo wangu ukabaki pale pale msumarini.

Ujana wangu wote nilitaka upolisi. Usaili wa kwanza walinikataa kwa meno, wa pili kwa urefu. Wa tatu nilikuta geti limefungwa. Sasa umri umepita, hata hao vijana wao wananiamkia. Koti hili ndilo mlango wa mwisho. Naandika ukweli kwa kuwa hapa hasomi mtu: nalitaka kuliko ninavyotaka mvua. Mungu anisamehe.

Jumatano, 22 Januari

Afande amerudi, safari hii kwa watoto. Nilisikiliza dirishani. Amewafundisha watembee kwa makundi. Wasipokee pipi wala lifti kwa mtu yeyote, hata akisema katumwa na mama. Mtu akiwasumbua, wapige yowe, wala wasinyamaze mpaka afike mtu mzima wanayemwamini.

Akaomba mtoto mmoja aonyeshe yowe. Akasimama binti yangu Monica, wa darasa la nne. Jamani, yowe lile! Mbuzi wa kule ng'ambo walikimbia. Nilijisikia fahari mpaka nikapiga saluti pale dirishani.

Lakini kuna jambo baya. Wazazi wanamtaja Qamara. Kisa? Kila asubuhi anaswaga ndama wake nyuma ya watoto, na mkuki wake begani, mpaka wafike shule. Hajaomba kazi! Mimi nimepeleka barua yenye kichwa cha habari kilichopigiwa mstari mara mbili. Mwalimu Wolfgang aliipokea, akasema kamati itaangalia zaidi mtu ambaye watoto wanamwamini. Nikamwambia watoto hawana uzoefu wa kuamini. Akaiweka barua kwenye droo.

Alhamisi, 23 Januari

Nimepata mpango. Umekuja wakati nawafunga Jeshi na Bahati kwenye nira kujaribu plau. Hawa ndio maksai wangu, sina wengine. Jeshi ni mweusi tii, ndiye mwenye nguvu. Bahati ni mwekundu na hufuata tu.

Mpango ni huu. Mafunzo ya Afande ni ya mdomo. Nani ameyapima? Kesho asubuhi nitakuwa mimi huyo mtu asiyejulikana. Pikipiki nitaazima kwa Clement wa bodaboda, pamoja na helmeti yake yenye kioo cheusi. Nitawangoja watoto kwenye kona ya korongo, niwape pipi, niwaambie wapande. Watapanda tu, watoto ni watoto. Hapo nitavua helmeti. Kumbe ni Agustino! Kamati nzima itaona kwamba maneno hayatoshi, panatakiwa mtu mwenye akili ya kiusalama.

Philomena, mke wangu, aliuliza nacheka nini peke yangu. Sikumwambia. Siri ndiyo roho ya zoezi.

Ijumaa, 24 Januari

Nimelala kifudifudi kwa sababu mgongo haulaliki.

Watoto walikuja kwa kundi, Monica mbele. Nikatoa pipi. Nikaikaza sauti iwe ya kigeni. Hakuna aliyenyoosha mkono. Hata yule mtoto mdogo wa mzazi mwenzetu Alfredi, ambaye hula chaki! Walirudi nyuma hatua kwa hatua, wamenitolea macho. Nikaona zoezi linanishinda, nikashuka kwenye pikipiki ili nijitambulishe.

Kifungo cha helmeti kiligoma. Nikavuta, nikapinda, nikaita "Monica, ni mimi baba," lakini ndani ya kile kitu sauti inakuwa mngurumo tu. Nikamsogelea ili anisikie vizuri. Hapo ndipo alipopiga yowe.

Akina mama walitoka kila shamba, majembe mikononi. Yowe likilia huna ruhusa ya kuuliza, unakimbia. Wa kwanza alinipiga mpini mgongoni, wa pili vile vile, baada ya hapo sikufuatilia. Marieta, mke wa Clement, ni mjamzito wa miezi mikubwa. Aliona pikipiki ya mume wake kwa mbali, akadhani mume wake ndiye mwovu au mume wake ameuawa. Akakimbia akipiga kelele, akaanguka korongoni.

Aliyeniokoa ni Qamara. Afadhali wangeniua! Alikuja na mkuki umeinuliwa, akasimama, akaangalia miguu yangu, akawaambia akina mama ngojeni, haya ni makubazi ya Agustino. Akakata mkanda wa helmeti kwa kisu. Uso wangu ukatoka mbele ya watu wote.

Akina mama walishusha majembe. Monica alinitazama. Nilitabasamu, nikamwambia amefaulu zoezi. Alianza kutetemeka, akatetemeka mpaka mama yake akamfunika kwa khanga.

Marieta yuko zahanati. Mimba inachunguzwa.

Jumapili, 26 Januari

Mtoto wa Marieta anacheza tumboni, Mungu ni mwema. Mama mtu ametakiwa kulala tu mpaka ajifungue. Clement haongei na mimi. Nilimpelekea salamu kwamba helmeti yake ina kasoro ya kifungo. Salamu zilirudi, siziandiki.

Kanisani, wakati wa kupeana amani, mstari mzima wa akina mama uligeukia upande wa pili. Nilibaki nimenyoosha mkono kama anayeangalia kama mvua imeanza.

Monica hayupo nyumbani. Tangu Ijumaa analala kwa bibi yake, Konsolata, karibu na korongo. Kila akisikia pikipiki anajificha. Philomena anasema mtoto hajaniulizia.

Akina mama wameitisha kikao chao. Kwa sisi Wairaqw kipo, kwa Wabarabaig kipo kikali zaidi, na safari hii wamekaa pamoja. Mwanamume akimtisha mjamzito mpaka akaanguka, kesi hiyo si ya wazee wala ya mwenyekiti. Ni ya kwao. Wanakaa kule kwenye migunga, na mwanamume hasogei hata kutafuta mbuzi aliyepotea. Philomena naye amekwenda. Mke wangu mwenyewe, na kigoda changu!

Nilimfuata Afande Rogathe nikashtaki kwamba raia wameunda mahakama porini. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti. Akasema njia ni mbili, nichague. Kikao cha akina mama, au afungue jalada la mtu aliyewavizia watoto wa shule akiwa amefunika uso. Akachukua kalamu akangoja.

Nikasema akina mama ni mama zetu.

Jumanne, 28 Januari

Hukumu imetoka. Ng'ombe dume mmoja, mweusi, asiye na doa. Wanamchinja wao, wanamla wao, ngozi inakwenda kwa Marieta. Nisipotoa, hakuna mwanamke atakayenipa moto wala maji, na Monica akikua hakuna mama atakayekubali mwanawe amuoe mtoto wa nyumba hii.

Mweusi asiye na doa katika zizi langu ni Jeshi.

Nilimuuliza Philomena kama alinitetea. Akasema mambo ya kule hayaletwi nyumbani. Nikamuuliza kama anajua kwamba Bahati peke yake havuti plau. Akasema anajua, yeye ndiye anayepanda. Kisha akaenda kukoroga uji, akiwa amenipa mgongo muda wote. Nadhani alikuwa analia. Sikuuliza, niliogopa jibu.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wamesema asiye na doa. Je, akiwa na doa?

Alhamisi, 30 Januari

Jana nilijitolea kuchora mistari ya uwanja wa shule. Mwalimu Wolfgang alishangaa, akanipa chokaa. Uwanja umepata mistari mitatu. Chokaa iliyobaki ilirudi na mimi. Leo alfajiri nikamwekea Jeshi doa zuri kwenye paji la uso, na jingine ubavuni lisilo na haraka, la kuonekana ni la kuzaliwa. Niliongeza uji kidogo ili ishike.

Akina mama walifika wakiimba, fimbo mikononi. Nikawapokea kwa heshima zote. Nikasema kwa masikitiko kwamba sheria ni sheria, na zizi langu halina mweusi mtupu. Mama mkubwa wa Kibarabaig, aliyejaa bangili mpaka kiwiko, alimzunguka Jeshi kimya kimya. Nilianza kupata matumaini.

Ndipo mvua ikaanza.

Mvua! Ile tuliyoiombea novena! Matone makubwa, harufu ya udongo, watoto wa jirani wakashangilia barabarani. Na Jeshi amesimama katikati ya zizi, doa linamtiririka puani, halafu anajilamba.

Akina mama hawakucheka. Philomena alisogea, akampangusa Jeshi uso kwa upindo wa khanga yake, taratibu, mpaka akawa mweusi kama alivyozaliwa. Akanitazama mimi.

"Njia ya mwongo ni fupi, Baba Monica," alisema. "Ila tunaopita humo tuko wengi."

Wameongeza pipa la asali kwa ajili ya chokaa. Jeshi aliondoka nao bila kugeuka. Nilimlea tangu ndama. Alikuwa akinifuata kisimani bila kamba. Jioni moshi ulionekana kwenye migunga, na mvua haikukatika.

Ijumaa, 31 Januari

Kikao cha wazazi. Niliketi nyuma. Mgongo umepona kiasi. Afande Rogathe alieleza kwamba kumetokea tukio, hakutaja jina, wote wakageuka. Akawasifu watoto. Akasema walifanya kila kitu walichofundishwa. Nikanyoosha mkono, nikaomba kamati itambue kwamba bila mtu wa kujaribu isingejulikana kama wanajua. Mwalimu Wolfgang akasema ajenda inayofuata.

Wamemchagua Qamara. Aliitwa kutoka malishoni, akaja na matope hadi magotini. Akauliza atafanya nini kipya. Wakamwambia yale yale. Akauliza na ndama je. Wakamwambia aje nao. Wakamvalisha koti. Watoto wakapiga makofi, Monica pia.

Sikujua kama mtu anaweza kuonea wivu koti.

Jumatatu, 3 Februari

Mvua siku ya tano. Mashamba yote yanalimwa. Langu limeota magugu mazuri sana. Jana nilijaribu kumfunga Bahati peke yake. Alivuta kidogo, akageuka kumtafuta mwenzake, akasimama. Hata mimi nilisimama.

Leo asubuhi Qamara alikuja na dume lake, amelifunga kamba, akasema nilimie mpaka nimalize. Nilimwambia asante. Nilichunguza koti pia. Mabega hayamkai. Hilo nitalisema mahali panapohusika.

Baadaye, nikilima upande wa korongo, niliwaona watoto wakipita kwenda shule, Qamara na ndama nyuma. Nikasogea barabarani. Nikaita Monica, kwa sauti yangu mwenyewe, uso wazi, bila kitu kichwani. Alisimama. Akaniamkia shikamoo, kwa sababu amelelewa vizuri. Kisha akavuka upande wa pili wa barabara, akaushika mkono wa mwenzake, na wote wakaenda upande ule hadi waliponipita. Ndivyo walivyofundishwa kufanya kwa mtu wasiyekuwa na uhakika naye.

Nilisimama pale mpaka mvua ikanilowesha. Inauma. Naandika hivyo hivyo: inauma kuliko mipini.

Nimefikiri mchana kutwa nyuma ya dume la Qamara. Tatizo ni kundi. Mbele za wenzake mtoto hawezi kumsamehe baba. Akinisikiliza peke yake, dakika chache tu, ataelewa kwamba lilikuwa zoezi, na kwamba alifaulu. Bibi yake humtoa mapema, akawangoje wenzake pale korongoni.

Dukani nimemnunulia pipi, zile nyekundu anazozipenda. Clement bado hataki kunipa pikipiki, basi nitakwenda kwa miguu. Mvua ni kali, nitajifunika turubai kichwani. Kesho, kabla Qamara hajafika, nitamngoja pale kwenye kona ya korongo.